Mkate Juu ya Vizimba

Mongi Ghorbel alikuwa mvunja shingo, na ungekutana naye sokoni usingemdhania hata kidogo. Mnene, mpole, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni, akikutana na paka njiani anampisha. Shingo zenyewe zilikuwa za panya weupe wa maabara, pale chuo cha udaktari hapa Sfax, Tunisia. Yeye ndiye aliyewalisha, akawanywesha, akawabadilishia maranda, na siku madaktari walipotaka kujua tumboni mwa panya kumebaki nini, yeye ndiye aliyewaua. Kidole gumba nyuma ya kichwa, mkia unavutwa, basi. Madaktari walimsifu kwamba ana mkono mwepesi. Ni sifa ambayo mtu hawezi kuipeleka nyumbani.

Nyumbani ilifika yenyewe. Siku ya Idi, kwa shemeji yake, watu wameshiba na mazungumzo yamewaishia, mtu mmoja akamuuliza panya anauawaje. Mongi hapendi kumwacha mtu na swali. Akachukua figili kwenye sahani, akaishika vizuri, akaonyesha. Figili ikakatika. Wanaume wakacheka mpaka wakapaliwa, na Dalenda, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Sasa, katika nyumba ya akina Ghorbel mkate haukatwi kwa kisu. Mwenye nyumba huumega kwa mkono wake, akampa kila mtu kipande chake, ndipo watu wakala. Mongi alirithi kazi hiyo kutoka kwa baba yake, pamoja na paa linalovuja na ugonjwa wa kisukari. Jioni ya siku ile ya figili, Dalenda aliuvuta mkate upande wake wa meza, akaumega mwenyewe, akamsukumia mumewe kipande. Kesho yake vilevile, na miaka ikapita vilevile. Mongi hakuuliza, kwa sababu jibu alilijua, tena aliona haya. Ilimuuma sana. Mtu mzima mwenye wajukuu, anagaiwa mkate mezani pake kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Ndipo akaja Daktari Emna Chaabouni. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa michezo, na siku ya kwanza tu alisema wazi kwamba kumuua panya ili ujue habari za tumbo lake ni upuuzi, maana ukishamuua huwezi kumuuliza tena wiki ijayo. Panya hawa walikuwa na kisukari. Kilichotafutwa ni kama tumbo la mgonjwa linazidi kuwa zito kadiri ugonjwa unavyoendelea, yaani chakula kinakaa humo bila kushuka. Kwa hiyo anatakiwa panya yuleyule apimwe leo, apimwe tena baadaye, na baadaye tena. Maiti haina baadaye.

Njia yake ilikuwa hii. Panya anashinda njaa usiku kucha. Asubuhi anapewa kipande kidogo cha kiini cha yai kilichookwa, ndani yake mmetiwa kaboni yenye alama, isiyomdhuru. Akishakula anaingizwa kwenye chupa ya kioo inayopitisha hewa, anakaa humo, anapumua. Chakula kikishuka kutoka tumboni mwili unakichoma, na ile alama inatoka na pumzi, mashine inaisoma. Alama ikitoka mapema, tumbo ni jepesi. Ikichelewa, tumbo limelala. Kisha panya anarudishwa kizimbani mwake mzima wa afya, pengine na kinyongo kidogo.

Mongi alisikiliza maelezo hayo mdomo wazi.

"Yaani binti yangu, anapumua tu?"

"Anapumua tu, Ami Mongi."

"Na mimi nafanya nini?"

"Wewe unapika yai."

Jioni ile alitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyefunguliwa pingu. Akamwambia Dalenda kwamba kuua kumekwisha, sasa yeye ni mpishi. Dalenda akaitazama mikono ya mumewe, akatazama mkate, akauliza kama mkuu wao naye amekubali. Mongi akasema bado anaangalia. "Basi siku akikubali, niambie," Dalenda akasema, akaumega. Tangu hapo kila jioni alimuuliza neno moja tu, "Leo?" na Mongi akajibu, "Leo hapana." Mkate ukabaki upande ule ule.

Upishi nao haukuanza vizuri. Yai la kwanza Mongi alilipika kama anavyopika mtu mwenye adabu zake: mafuta ya zeituni, jira, na harisa kidogo, ile pilipili ya kusaga, ya kuamsha hamu. Emna alilinusa akauliza ni kifungua kinywa cha nani. Akaambiwa cha panya. Akaeleza, kwa upole aliokuwa nao siku hizo za mwanzo, kwamba panya wa utafiti hawali pilipili. Mongi aliona ni kuwavunjia heshima walaji, lakini akaoka yai kavu, halina hata chumvi, akaligawa huku akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Na kwa kuwa sasa hawafi, akaanza kuwapa majina. Zamani hakuthubutu. Kulikuwa na jike mmoja, namba saba, kisukari kimemshika vibaya. Alikunywa maji mchana kutwa, akalowesha maranda yote, kisha akajikunyata pembeni akiwaangalia watu kana kwamba wote wamemkosea na anangoja waje waombe msamaha. Mongi alimwita Hajati Mannoubia, jina la shangazi yake Dalenda, ambaye alikuwa na ugonjwa huohuo, kiu hiyohiyo na jicho hilohilo. Nyumbani hakulitaja jambo hili. Ana akili zake.

Mkuu wa maabara alikuwa Profesa Ghazi Siala. Huyu alijipatia sifa kwa matumbo yaliyopasuliwa na kupimwa kwenye mizani, na aliamini kwamba tumbo ni kitu cha kuonwa kwa macho. Mambo ya pumzi, alisema, Emna awaachie wapiga filimbi. Lakini alimruhusu Emna ajaribu, kwa sababu Emna alikuwa hana desturi ya kuondoka mlangoni mwa mtu kabla hajaruhusiwa.

Majibu yalipoanza kutoka, yalikuwa ya kichaa. Panya wazima, wasio na ugonjwa wowote, walionekana wana matumbo mazito kuliko wagonjwa. Hajati Mannoubia wiki moja tumbo lake limelala fofofo, wiki ya pili linakwenda mbio kama la mwanafunzi, wiki ya tatu limelala tena. Emna alibadilisha mayai. Akabadilisha chupa, akabadilisha mipira ya hewa, akaondoa maranda akaweka sakafu ya nyaya ili wasije wakatafuna maranda au kinyesi chao. Akagombana na mlinzi wa usiku, mzee wa watu, ambaye hata panya wenyewe aliwaogopa. Mwisho ule upole wa mwanzo ukamwishia, akawa anamuuliza Mongi swali moja kila jioni: una hakika usiku hawali kitu? Na Mongi anaapa. Hakusema uongo hata mara moja. Chakula chote alikitoa kwa mkono wake, punje kwa punje, akafagia, akapangusa, akaangalia tena.

Isipokuwa kulikuwa na suala la mkate.

Mongi alikuwa anajidunga insulini, na daktari wake alimwamuru asikose kitu cha kutafuna mfukoni, sukari isije ikamshuka ghafla akaanguka. Sheria ya maabara nayo ilikataza chakula chumbani mle. Mongi alizitii zote mbili kwa kuuficha mkate ndani ya mfuko wa koti, na mfuko ulikuwa umetoboka. Kwa hiyo jioni, akimaliza kufagia, aghalabu alikuta kipande sakafuni. Na mkate ulioanguka, kila aliyelelewa na mama anajua unafanywaje: unauokota, unaubusu, unaugusisha kwenye paji la uso, unauweka mahali pa juu usije ukakanyagwa. Sasa mahali pa juu mle ndani ni wapi? Juu ya kabati kulikuwa na chupa za sumu zenye picha ya fuvu. Juu ya jokofu kulipangwa vichupa vya mikojo. Dirisha lilizibwa zamani. Palibaki rafu ya vizimba, safu ya juu kabisa, yenye mifuniko ya nyaya aliyoipangusa mwenyewe mpaka inang'aa. Akauweka hapo, akazima taa, akaenda zake na moyo umetulia. Asubuhi mkate haupo. Mongi hakushangaa, maana ndilo lililokusudiwa: mkate unainuliwa ili kiumbe chochote chenye njaa kiupate. Ni kiumbe gani, hakujiuliza. Wala hakuwa peke yake. Watu waliopita chumba kile na masazo ya kifungua kinywa walikuwa wengi, na wote walikuwa na mama zao.

Yeye kwa upande wake alishuku kijicho. Wenzao wa maabara ya ghorofa ya chini walikuwa na jicho baya, hilo lilijulikana. Akanunua kiganja cha bati, kile cha kuzuia macho ya watu, akakitundika juu ya vizimba. Emna alikiona, akafungua mdomo, akaufunga. Baada ya siku chache kilipinda, na aliyekinyoosha ni Emna.

Hatimaye Profesa Siala akachoka. Akamwita Emna, akamwambia Alhamisi atakuja mwenyewe asubuhi. Majibu yakitoka ya kichaa tena, basi utafiti unarudi kwenye njia ya zamani, panya wote wapasuliwe, na Mongi ajitayarishe. Emna aliporudi chumbani macho yake yalikuwa mekundu. Mongi aliitazama mikono yake kama vitu vya kuazima ambavyo mwenyewe amekuja kuvidai. Jioni Dalenda alipouliza, "Leo?" alijibu kwamba leo hapana, na Alhamisi huenda akaambiwa awaue wote. Dalenda akaumega mkate, polepole kuliko kawaida, na hakumtazama usoni.

Usiku wa kuamkia Alhamisi Mongi aliwafungisha saumu panya wake kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Alitoa chakula, akafagia, akapangusa, akaangalia kwa tochi. Akamwambia Hajati Mannoubia kwamba kesho ni siku kubwa, ajitahidi. Hajati akanywa maji. Sakafuni karibu na mlango kulikuwa na kipande cha mkate. Mongi akakiokota, akakibusu, akakiweka juu pamoja na dua.

Asubuhi Profesa alifika mapema, hajafungua kinywa, koti lake jeupe limepigwa pasi na mfukoni mwake mna mkate wa samaki jodari uliofungwa kwenye karatasi. Hakukaa. Alisema kabla ya mchezo wa chupa anataka kuona kwa macho yake kama matumbo haya kweli ni matupu. Apasuliwe mmoja.

"Mongi, nipe namba saba."

Emna akasema namba saba ndiye mgonjwa muhimu kuliko wote, ndiye aliyefuatiliwa tangu mwanzo. Profesa akasema ndiyo sababu. Mongi akamtoa Hajati Mannoubia. Alikuwa na joto, na moyo wake ulipiga mbio kiganjani. Kidole gumba kikaenda chenyewe nyuma ya kichwa, mahali pake pa siku zote, maana kidole hakisahau. Mongi alitaka kulia. Akasimama hivyo, akingoja neno.

Lakini Profesa alikuwa ameanza kuzungumza, na akianza hakatiki. Alizungumza juu ya utafiti wa kweli, juu ya kuondoa kila kitu cha nje kinachoweza kuharibu majibu, na kwamba mtafiti ni mtu asiyefanya jambo bila kujua kwa nini analifanya. Huku anazungumza njaa ikamshinda, akatoa mkate wake, akaumega, akatafuna. Kipande kikamponyoka, kikaanguka sakafuni. Profesa akakata sentensi katikati. Akainama, akakiokota, akakipuliza, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, akanyoosha mkono akakiweka juu ya kizimba cha namba tisa. Kisha akaendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia.

Mkate ukatikisika.

Kutoka chini ya nyaya ikatokeza pua ya waridi, ikanusa. Vikafuata vidole viwili vidogo. Mkate ukaanza kutembea juu ya mfuniko, ukafika penye nafasi, ukazama kidogo kidogo, ukatoweka wote na samaki wake. Chumba kizima kikasikia namba tisa akitafuna. Profesa peke yake hakusikia, alikuwa amefika kwenye umuhimu wa mtafiti kujitilia shaka.

Mongi aliona. Akaona na vipande vyote alivyowahi kuinua kwa mkono wake, jioni baada ya jioni, na dua ya jana. Ni yeye. Kazi yote ya yule binti, mayai, chupa, macho mekundu, ni yeye aliyeiharibu. Akisema, atafukuzwa, na atastahili. Asiposema, Profesa atamaliza hotuba, na kidole gumba kimekwisha kuwa mahali pake. Hajati Mannoubia alimwangalia kwa jicho lile lile la kudai msamaha, na safari hii alikuwa na haki nao.

"Profesa," Mongi akasema, "namba tisa amefuturu."

Profesa akanyamaza. Akauliza nani aliyempa chakula. Akauliza tena, kwa sauti ya mkuu wa maabara.

"Wewe, Profesa," Emna akasema.

"Mimi? Mimi sijampa mtu kitu. Mimi nimeuinua tu."

"Na mimi nauinua tu," Mongi akasema. "Kila jioni. Wallahi Profesa, kila jioni, hapo hapo."

Emna akakaa kwenye kigoda. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye aliuinua, juzi Jumanne, na wiki iliyopita pia, anadhani mara mbili. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, na machozi yakageuka kicheko, mpaka ikabidi ashike rafu. Profesa hakucheka. Alivua miwani akaangalia mfuniko wa namba tisa kwa muda, akapitisha kidole juu ya nyaya, akaona chembe. Akasema kitabu hakisemi kitu juu ya jambo hili. Ni kweli hakisemi. Walioandika vile vitabu wanakaa kwenye nchi ambazo mkate ukianguka unatiwa pipani, na hawana habari.

Kisha akageuka akamwona Mongi bado amesimama na panya mkononi.

"Mrudishe Hajati," akasema.

Hakuna aliyemuuliza jina hilo amelijulia wapi.

Siku ileile akaitwa seremala, akapigilia ubao mdogo juu ya mlango, juu kuliko vizimba, juu kuliko kabati. Profesa alisimamia mwenyewe kama anajenga msikiti. Kukataza mkate usiingie hakukuwa na maana, ulikuwa umekatazwa tangu zamani. Usiku ule panya wakafunga kweli kwa mara ya kwanza katika historia ya utafiti, na asubuhi walikula yai lile kavu kama watu waliotoka jangwani. Majibu yakatoka yamenyooka: wazima matumbo yao mepesi, wagonjwa mazito. Walipopimwa tena baadaye, majibu yakawa yaleyale, panya walewale, kila mmoja na shingo yake. Emna na Profesa waligombana kwa muda kuhusu namna ya kuyaandika haya kwenye makala yao, wakakubaliana kuandika kwamba mazingira yalirekebishwa.

Profesa akamwita Mongi mlangoni, chini ya ule ubao. Akamwambia kazi ya shingo imekwisha, si kwa wiki hii, imekwisha kabisa. Alisema kwa haraka, kama mtu anayelipa faini, akaenda zake.

Jioni Dalenda aliweka mezani kuskusi na samaki, na mkate upande wake. Akauliza, "Leo?"

Mongi akamsimulia yote: profesa, hotuba, samaki jodari, pua ya waridi. Alipofika kwenye kidole gumba, akasema kilikuwa kimeshafika shingoni mwa Hajati Mannoubia.

"Shingoni mwa nani?"

Hapo Mongi alitamani angekuwa yeye ndani ya chupa. Akaeleza. Dalenda alimsikiliza uso umekaza, akafikiri, akauliza kama huyo panya naye huwaangalia watu vile. Mongi akasema vile vile kabisa. Midomo ya Dalenda ikaanza kucheza. "Mtu asimwambie shangazi," akasema. Halafu akauliza, sasa bila mzaha: "Na hukumuua?"

"Sikumuua. Na hawataniita tena kwa kazi hiyo. Amesema kabisa."

Dalenda aliweka kiganja juu ya mkate, akausukuma ukavuka meza, ukapita chumvi, ukapita sahani ya samaki, ukasimama mbele ya mumewe.

Mongi aliutazama kwanza. Mikono ilikuwa imesahau kazi hiyo, kwa hiyo aliumega vibaya, kipande kikubwa kikaanguka chini. Akainama, akakiokota, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, akasimama kutafuta pa juu. Juu ya kabati la vyombo aliangalia kwanza nyuma, akaangalia na pembeni, ndipo akakiweka. Kisha akarudi akakaa, akamega kingine, akamnyooshea mkewe. Dalenda akakipokea mkononi mwake, akakichovya kwenye mchuzi, akala.